Sana ya Sista Likaya

Safari hii ya siku mbili imenigharimu shilingi elfu moja mia tisa na hamsini, blanketi moja la mtumba la daraja la kwanza, na sauti yangu, ambayo mpaka leo haijarudi vizuri. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiacha nje chai ya Kedowa, kisha nikakumbuka kwamba niliilipia, ingawa nilijitahidi sana nisilipe.

Nawaandikia ninyi wanakwaya wenzangu kwa sababu elfu moja ya hizo mliichanga ninyi, na kwa sababu mnamjua mama yangu, Moraa. Kwa walioingia kwaya juzi: ni yule mzee anayeletwa kanisani kwa kiti cha magurudumu na kuwekwa karibu na ngoma. Miaka miwili iliyopita alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, na maneno yote yakaondoka isipokuwa moja. Mama husema "sana". Ukimpa uji, "sana". Ukimfunika shuka, "sana". Nyumbani tulikubaliana kwamba ni asante iliyokatika njiani ikabaki mkia, basi tukawa tunamjibu, "Karibu, mama." Mkono wake wa kulia nao una mchezo wake: hugusa goti mara mbili, halafu hurushwa begani kama mtu anayefukuza nzi. Tuliambiwa hospitali kwamba ni mishipa.

Mnaujua pia ule wimbo wa mlango. Alitufundisha yeye mwenyewe wakati bado ana maneno, akisema ni utungo wa Sista Likaya, Mfilipino aliyekuwa nesi wa wazazi katika misheni moja upande wa Kaplong. Mwaka huu Mwalimu Kariuki, mwalimu wetu wa kwaya, alipokuwa akiutayarisha kwa ajili ya kitabu chetu cha nyimbo, alifika mstari wa kwanza akaweka kalamu chini. Mstari wenyewe ni huu: *Niuone mlango wa mama, sana.*

"Hiki si Kiswahili," akasema. "Mlango unauona au huuoni. Hakuna kuuona sana."

Akafuta "sana", akaandika "Bwana". Mimi nilimuunga mkono. Kwa hesabu yangu pia, mlango ni mlango. Lakini Jumapili tulipouimba hivyo, mama alipiga kiti ngumi mpaka mpiga ngoma akanyamaza. Tukaanza upya, akapiga tena. Mara ya tatu alikuwa analia. Mwalimu akasema, "Basi mtu aende akalete maandishi ya Sista mwenyewe, kabla kitabu hakijaenda kuchapwa." Macho yote yakanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mwenye mdomo wa kuteremsha bei. Ninyi mlinituma kwa ajili ya kitabu. Mimi nilikwenda kwa sababu nilimwona mama akililia neno, nami sikujua neno hilo linamdai nini.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, Nakuru. Langat ana kanta, lori dogo, inayopeleka vitunguu Sotik kila wiki. Aliwahi kununua mapazia kwenye kibanda changu cha mitumba, na mpaka leo hudai yalirudi, yakawa mafupi, yalipofuliwa.

"Kiti cha mbele ni mia tano, mathe."

"Nanunua kiti au nakodi gari? Mia tatu. Na nitakulindia vitunguu."

"Vitunguu havijawahi kukimbia."

"Hata mapazia yangu hayajawahi kurudi."

Tukapatana mia nne, kwenda na kurudi, kwa sharti kwamba mapazia yasitajwe tena mpaka tufike nyumbani. Nilihesabu magunia, nikapata thelathini na mawili. Langat akasema thelathini na matatu. Nikahesabu tena, na kweli. Moja lilikuwa chini ya miguu yangu. Hilo la miguuni ndilo lililonitesa. Kabla hatujafika Salgaa macho yalikuwa yakitiririka kama bomba la maji lisilo na washa.

"Mathe, unamlilia nani?"

"Vitunguu vyako."

"Basi lia polepole, bado ni mbali."

Saa mbili kasorobo, Kedowa. Ukungu ulikuwa bado umekalia mashamba ya viazi. Langat aliegesha kwenye kibanda cha dada yake, Chebet, anayeuza chai na mahindi ya kuchemsha kando ya barabara. Chebet ni mwanakwaya wa kanisa la hapo. Aliposikia ninakokwenda aliweka birika chini.

"Wimbo wa Sista Likaya? Huo si tunauimba hapa! Tulishaugeuza Kikipsigis."

Akauimba pale pale, mkono mmoja kiunoni. Sikuelewa kitu mpaka mwisho wa kila mstari, ambapo alisema, "*mising*." Neno hilo nalijua. Kila mtu aliyewahi kusalimiwa Kericho analijua. Wakikuambia "chamgei", unajibu "chamgei mising", na mising ni sana.

"Kwa hivyo kwenu pia mlango unaonekana mising," nikasema.

"Ehe."

"Na unaona sawa?"

Chebet akacheka. "Mama, Sista ndiye aliandika. Sisi tulitafsiri tu. Nani atamsahihisha Sista? Hiyo chai ni hamsini."

"Thelathini."

"Hamsini, na wimbo nimekupa bure."

Nikalipa hamsini. Langat alikuwa ameshapiga hesabu yake. "Mathe, si umepata? Ni sana, si Bwana. Panda gari la kurudi, uokoe siku."

Mnanijua. Kuokoa siku ni kitu ninachokipenda. Lakini nilikuwa nimepata neno bila kupata sababu, na mimi sijawahi kununua beli ya mitumba bila kuichungulia ndani. Ikiwa Sista alikosea Kiswahili, Mwalimu Kariuki ana haki ya kumsaidia. Ikiwa hakukosea, kuna kitu mama anakijua ambacho hajatuambia, na sasa hawezi. Nikarudi kwenye gunia langu.

Saa nne, Kericho. Mliozaliwa mjini mniwie radhi, sijui niwaelezeje kijani kile. Kimelala juu ya vilima kama zulia lililokatwa na fundi mwenye wivu, hakuna uzi uliozidi. Langat alitaka kupoza injini, nami nikamwomba apoze mbele kidogo, kwenye njia ya shamba nililozaliwa. Mama alikuja pale kutoka Kisii akiwa mke kijana, akachuma majani chai miaka ishirini na mbili. Tuliishi katika nyumba za laini, safu za wafanyakazi, chumba na jiko, mpaka baba alipofariki na chumba kikatakiwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili tulipohamia Nakuru na godoro moja.

Nilichokumbuka kutoka pale ni sauti. Wanawake thelathini, arobaini, vikapu mgongoni, wakiimba katika mistari ya michai, na mama akiwa ndiye anayeanzisha. Sasa nilichosikia ni mngurumo. Wanaume wawili walikuwa wamebeba mashine ya kuchuma, mmoja huku na mmoja kule, wakiipitisha juu ya michai kama kinyozi.

"Mnaimbaga mkichuma?" nikamuuliza wa karibu.

Akatoa kizibo sikioni. "Unasema?"

"Mnaimba?"

"Na hii kelele, mama? Umwimbie nani?" Akarudisha kizibo.

Lakini pembezoni, kwenye mteremko ambapo mashine haifiki, kulikuwa na mwanamke mmoja anayechuma kwa mkono. Nilisimama kumtazama kwa sababu ya zamani tu. Mkono ukachuma, ukachuma, halafu ukarusha majani juu ya bega, kikapuni. Chuma, chuma, tupa. Chuma, chuma, tupa. Nilihesabu mara mbili kisha nikashika mti wa uzio. Ule haukuwa mchezo wa mishipa. Mama yangu, katika kiti chake cha Nakuru, alikuwa kazini.

Langat alipiga honi. Nilipanda nikiwa na machozi, naye hakuuliza. Vitunguu vilinisitiri.

Saa sita na nusu, Kaplong. Alinishusha kwenye njia ya misheni, tukakubaliana tukutane kesho yake saa sita pale pale, atakapotoka Sotik. Langoni nilimkuta sista kijana, Mkenya, mwenye funguo nyingi kiunoni. Nikamwambia natafuta maandishi ya Sista Likaya.

"Ligaya," akasahihisha kwa upole. "Kwa lugha yao ni furaha. Huku wanasema Likaya, hata yeye alizoea. Daftari zake hatuna sisi. Alimwachia mpishi."

"Alimwachia mpishi nyimbo?"

"Alisema mpishi ndiye aliyezisikia kwanza."

Mpishi ni Kogo Taplelei. Kogo kwa Kikipsigis ni nyanya, na watu wote wa pale humwita hivyo, hata wenye mvi. Nyumba yake iko nyuma ya ukuta wa misheni, ng'ombe mmoja, michai mistari sita. Alinisalimu kabla hajaniona vizuri.

"Pwana asipiwe!"

Niligeuka kumtazama upya, maana hivyo ndivyo mama alivyokuwa akisalimu alipotaka kutuchekesha, na hatukujua alikotoa. Kogo akanieleza huku akiniwekea kigoda. Wakipsigis wengine, b huwatoka kama p. Sista naye, kwao f huwatoka kama p. Basi walipokutana, wao wakasema Pwana, yeye akasema asipiwe, na kila upande ukaamini kwamba mwingine ndiye anayejua Kiswahili. "Miaka mingi tuliomba hipyo," akasema, "na Mungu alikuwa anasikia tu."

Nikamwambia mimi ni Kerubo, mtoto wa Moraa wa laini. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kwenye mwanga kama ninavyogeuza shati kutafuta doa.

"Lakwet," akasema, yaani mtoto, nami nina miaka hamsini na minne. "Lakwet wa Moraa. Nilidhani mlikufa wote."

Nikampa blanketi. Nikamweleza hali ya mama: kiharusi, kiti, kimya. Neno sikulitaja, sijui kwa nini; labda nililiona dogo. Akaniletea ugali, mboga, na mursik, maziwa yale ya kibuyu yenye ladha ya mkaa. Akasukuma sahani kwangu. "Ukule sana."

Nikala sana, kama nilivyoagizwa. Mniwekee hapo alama.

Alasiri, mvua ikipiga bati, alitoa debe la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na daftari nne za shule, na kutoka nyuma ya mlango akatoa kinanda cha ajabu, kama gitaa lililozaliwa kabla ya siku zake. Seremala wa shamba alikitengeneza kwa mbao nyembamba za masanduku ya chai, na nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli. Matundu ya nyuzi ni kumi na manne. Nilihesabu nyuzi zilizobaki: tisa. Nikahesabu tena: tisa. Babaye Sista alikuwa fundi wa gitaa kisiwani kwao, alizichonga kwa mti wa mfenesi, na kila jioni nyumba nzima ilipiga, baba, mama na watoto. Kogo aliyajua hayo kama anayejua habari za jirani.

Daftari zimeandikwa do-re-mi, kwa herufi ndogo zilizosimama wima. Nilihesabu nyimbo arobaini na moja. Mara ya pili nikapata arobaini na tatu, kwa kuwa kurasa mbili zilikuwa zimeshikana na uji.

"Kogo, huo wa mlango uko wapi?"

"Mimi sijui kusoma. Mimi nakumbuka kwa supuria." Akanyoosha kidole bila kuangalia. "Alikuwa akitoka wodi anakuja jikoni kwangu, anakaa kwa gunia la makaa, anatunga. Kwa hivyo huu ni wa maharagwe. Huu ni wa chapati za Pasaka. Wako ni ule wa wali ulioungua."

"Kwa nini uliungua?"

"Siku hiyo parua ilikuja. Mama yake alikufa. Alikufa mwezi mzima umepita, parua ndiyo inafika. Alikuwa amepewa ruhusa ya kwenda kumwona mwaka huo. Nguo alikuwa amepanga. Akakaa kwa gunia, mimi nikakaa karibu yake, nani atakumbuka wali?"

Akaniambia jinsi Sista alivyokuwa akitunga. Kwao, alisema, wimbo wa kutamani huenda kwa mapigo matatu, na huanza ukilia. Katikati hugeuka ukatabasamu, machozi yakiwa bado mashavuni. Alipokwenda kwa gari la misheni kupima watoto kwenye laini, akasimama kando ya michai na beseni lake, aliwaona wachumaji. Chuma, chuma, tupa. "Akashuka kwa gari anakimbia na viatu vya matope kwa jikoni yangu. Akasema, 'Taplelei, wanapiga wimbo wa kwetu na hawajui!'" Kuanzia hapo hakutungia kanisa tu. Aliwatungia mikono, na Moraa, mama yangu, ndiye aliyekuwa akizipeleka nyimbo shambani. Jumapili anakuja na gari hilo hilo kujifunza jikoni, Jumatatu laini nzima inachuma nazo.

Nikafungua ukurasa wa wali ulioungua. Ulikuwa hivi:

*Niuone mlango wa mama, sana.*
*Nisikie bahari ikipiga, sana.*
*Njia ni ndefu, miguu ni miwili;*
*nikichelewa, msifunge, sana.*

Kila "sana" imepigiwa mstari chini. Kwa hivyo halikuwa kosa la haraka. Lilikuwa kosa la makusudi, na hilo kwa mfanyabiashara ni jambo zito zaidi. Nilitaka kumuuliza Kogo, lakini alikuwa ameinuka kwenda kukamua, akitazama mawingu. "Mvua ikatike sana," akanung'unika. Nikadhani ndivyo wanavyosema huku.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, makaburini. Masista wamezikwa kwenye kimteremko, na baada ya ua wa mwisho michai inaanza. Kogo alitembea na fimbo. Nyonga yake moja ilikwisha, na kila hatua aliipangia. Jiwe limeandikwa Ligaya. Aling'oa magugu mawili, akaongea na jiwe kama anayeongea dirishani.

"Sista, huyu ni wa Moraa. Amekuja na planketi." Kisha akasema taratibu, "Usingekufa sana."

Hapo hesabu yangu ilikataa. Nilijizuia, nikashindwa.

"Kogo, samahani. Kufa sana ni kufaje? Kuna kufa kidogo?"

Alinitazama. Halafu kicheko kikamshika mpaka akakaa juu ya kaburi la jirani, akipangusa macho.

"Lakwet! Hiyo si sana yenu. Hiyo ni sana yake."

"Yake vipi?"

"Kwao wako na neno hilo hilo, sana. Lakini kwao si mingi. Kwao ni..." Akatafuta. Akainua fimbo, akaielekeza upande lilikotoka jua. "Ni mtu amesimama juu ya kilima, anaona kwao kule, na mto umefurika, hawezi kuvuka. Hapo ndiyo anasema sana."

"Laiti," nikasema.

"Hiyo ya vitabu. Katekista alimpa hiyo. Akaijaribu, akasema haina chumvi." Akacheka tena kidogo. "Unajua siku ya kwanza kufika Kenya alilia? Watu wanamwambia karipu sana, asante sana, pole sana. Akafikiri nchi nzima inatamani kitu. Akasema, 'Nimeletwa mahali panaponifaa.'"

Sasa rudini kwenye ile alama. Ukule sana. Mvua ikatike sana. Jana mchana kutwa mzee huyu alikuwa akinitakia mambo, nami nikidhani ananipimia.

"Ni nani mwingine anayejua?" nikauliza.

"Mimi na Moraa tu. Wengine waliona ni Kiswahili. Sisi ilikuwa mchezo wetu jikoni. Chai iwe na maziwa sana. Meneja avunjike mguu sana." Akaona kitu usoni mwangu. "Nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba Moraa amebakiwa na neno moja, na neno lenyewe ni hilo. Kwamba analisema asubuhi, mchana na jioni. Kwamba kwa miaka miwili, kila alipolisema, mimi nilimjibu, "Karibu, mama," nikampangusa mdomo na kwenda sokoni.

Kogo hakunifariji. Alikaa juu ya kaburi la jirani, mkono wake ukiwa kwenye jiwe la Sista, akasema, "Kumbe bado anaongea na sisi."

Saa sita, barabarani. Kogo alisisitiza kunisindikiza mpaka kwenye lami, hatua kwa hatua. Alikataa nichukue daftari, na mimi, ninayeteremsha bei ya kila kitu, sikujaribu. Nilipiga picha kurasa zote kwa simu, arobaini na tatu, nikazihesabu, nikazihesabu tena. Alinipa mfuko wa majani chai aliyoyakausha mwenyewe. Langat alipofika, Kogo alinishika mkono kupitia dirishani.

"Nikuje kwenu sana," akasema.

Gari likaondoka. "Mzuri huyo kogo," Langat akasema. "Ameahidi kuja mara nyingi."

Kutoka Sotik alikuwa amebeba ndizi, tripu nzima ndizi, hata miguuni mwangu kulikuwa na mkungu. Tulipita Litein, tukapita Kericho, michai ikimetameta baada ya mvua. Karibu na Kedowa alinitazama kwa jicho la pembeni, mara moja, mara mbili.

"Mathe," akasema kwa sauti ya chini, "vitunguu tulishusha."

"Najua, Langat."

Akazima redio. Mpaka Nakuru hata mapazia hakuyataja.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, nyumbani. Mama alikuwa kibarazani, jua likimfikia magotini. Nilimpikia chai ya Kogo, nikampa kwa kijiko. Akaonja. Akashikilia mdomoni muda mrefu kabla ya kumeza.

"Sana," akasema.

"Karibu" ilikuwa tayari ulimini mwangu. Mazoea ya miaka miwili hayaondoki kwa safari moja. Niliimeza. Nikachuchumaa mbele yake, nikamuuliza, "Laiti nini, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyebisha hodi mpaka akakata tamaa, kisha akasikia komeo likivutwa.

Kisha nikaimba. Niliuimba kama ulivyoandikwa, kila sana mahali pake. Mkono wake ukaanza: goti, goti, bega. Chuma, chuma, tupa. Tulikwenda pamoja mstari wa kwanza na wa pili. Pale wimbo unapogeuka kutabasamu, sauti yangu ilikatika. Yeye akaendelea peke yake. *Njia ni ndefu, miguu ni miwili.* Maneno sita, nimeyahesabu, kutoka kwa mtu asiyeweza kuomba maji.

Nikamwambia, "Taplelei yuko hai, mama. Jana nilikuwa kwake. Amesema angekuja, sana."

Mkono ukasimama hewani, kabla ya bega. Kisha akaanza kulisema lile neno, si kwa huzuni, bali kama anayehofia nitaondoka kabla sijalipokea. Nilihesabu mara tisa. Sikuhesabu tena, kwa sababu hakuwa amemaliza.

Basi hali ndiyo hii. Mwalimu Kariuki, neno ni "sana", na nakuomba mstari ule uchapwe kama alivyouandika, bila kusahihishwa na mtu yeyote anayejua Kiswahili. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: mama hawezi kufika Kaplong. Nimemuuliza daktari, akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Kogo naye hawezi kufika Nakuru. Nyonga ile haikai garini kwa muda wa saa nne, na ng'ombe hana mtu wa siku mbili. Simu ya picha tuliijaribu Jumamosi hiyo hiyo kwa msaada wa sista wa langoni. Mama aligusa kioo, akakuta ni kioo, akakigeuza chini.

Lakini mimi ni mtu wa soko, na katika kila bei najua kuna mahali pa kukutana. Nimepima kwa saa ya Langat, kwenda na kurudi. Kutoka hapa mpaka Kedowa ni mwendo wa saa mbili kasoro. Kutoka Kaplong mpaka Kedowa ni saa mbili kasoro. Chebet ana kibanda, ana benchi, na birika lake halizimwi. Langat amesema siku hiyo hatabeba vitunguu. Sista wa langoni amesema atamlinda ng'ombe. Ninachokosa ni watu wa kuimba, na ujasiri wa kumpandisha mama garini, nikijua barabara inaweza kumshinda kabla hajafika.

Daktari anasema hapana. Kaka yangu anasema tungoje kiangazi. Mama anasema sana. Ninyi mnasemaje?